Ukoo wa Muslimo Haukatwi

Siku Abdimalik alipoitwa mwizi wa maji, nyumbani kwake Waberi hapakuwa na maji ya kutawadhia. Lisemwe mapema, maana wenye kuita watu wezi hawana desturi ya kwenda kwanza kuchungulia pipa la mshukiwa.

Aliitwa hivyo na Abdihafid, mwenye kampuni ya malori ya maji kwa ubia na wengine, mbele ya Arbia wa kaunta na mbele ya wateja waliopanga foleni. Abdihafid hakupiga kelele. Tajiri hapigi kelele. Humtaja mtu kwa jina na la babake, na watu hunyamaza wenyewe.

"Abdimalik Sugow, maji yangu yanakwenda wapi?"

"Maji gani, mzee?"

"Malori yanatoka yamejaa, yanarudi matupu, na kwenye kompyuta hakuna kitu. Kweupe. Halafu hiyo kweupe ikiisha, jina la kwanza ninaloliona ni lako."

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyouma. Ndani ya seva ya kampuni ilikaa programu moja isiyoonekana na wateja, ambayo kazi yake ilikuwa kuandika kila lililotendeka: nani kaagiza maji, lori lipi limetoka, nani kafungua mashine. Pale ofisini waliiita karani. Karani huyo alikuwa na ugonjwa. Siku nyingine alikufa ghafla, kimya, na seva yenyewe isistuke. Maagizo yakaendelea kupokelewa na malori yakaendelea kutoka, ila hakuna aliyeandika. Abdimalik, fundi wa kampuni, akifika asubuhi humkuta maiti, humfufua, na karani akifumbua macho jambo la kwanza anaandika: nimewashwa na Abdimalik. Ndivyo alivyolipwa kwa kufufua wafu.

"Karani ana kilema, mzee. Waliomtengeneza wameshatangaza, dunia nzima inajua. Ukimpa mstari mmoja mrefu kupita kiasi, unamkaba. Kiraka chake, yaani dawa ya programu, kimetolewa zamani, tena bure. Sisi tu ndio hatujakiweka."

"Na nani alitakiwa kukiweka?"

Abdimalik akamtazama Guleid, fundi mkubwa aliyeletwa kutoka Eastleigh, kijana wa marashi makali na viatu visivyojua vumbi. Guleid ndiye aliyeijenga seva ile na ndiye aliyelipwa kuitunza. Aliichezea simu yake kidogo kabla ya kujibu.

"Buda, mbona tunavutana? Nipe nafasi niweke kiraka sasa hivi, mambo yaishe."

"Ukikiweka sasa, ugonjwa umepotea na mimi nimebaki mwizi," alisema Abdimalik. "Mgonjwa akishapona, nani ataamini aliumwa? Kwanza tumuue karani hapa, mbele ya macho ya watu, tuone anakufaje. Kisha weka viraka hata gunia."

"Umesikia, mzee? Anataka kuua seva yako makusudi. Amezoea."

Foleni ikacheka. Abdimalik akawageukia wale wazee wa foleni, kwa sababu aliona kwa tajiri hapana mlango.

"Wazee, nawauliza ninyi. Sokoni kwetu, ngamia akiwa na kilema, anauzwaje?"

"Anatembezwa," alijibu mmoja. "Kilema kionekane."

"Mbele ya nani?"

"Mashahidi. Bila hivyo ni udanganyifu. Abdihafid anajua, ngamia ndio waliomtajirisha."

Abdihafid alijua. Na ngamia wake, wale wa boma la njia ya kwenda Dadaab, walikuwa wanene mwaka ule kuliko mvua iliyonyesha. Lakini mtu hawezi kuikana sheria ya soko mbele ya wateja wake. Akakubali kwa kuvuta pua.

"Haya, fundi. Mtembeze ngamia wako."

Abdimalik aliketi kwenye kiti cha Arbia, akafungua ukurasa wa maagizo, na pale penye jina la mteja akashikilia kidole juu ya herufi moja. Aaaaaaa. Kidole kikakaa mpaka kikachoka. Akabonyeza. Wote wakageukia runinga iliyotundikwa ukutani, ambako maandishi ya karani hupita mstari baada ya mstari kama siafu.

Siafu wakapita. Karani akaandika: agizo limepokelewa, mteja Aaaaaaa. Kisha akaendelea na kazi zake, mzima wa afya.

Akajaribu tena. Karani akamwandika tena, kwa heshima zote.

"Bwana Aaaaa anaishi mtaa gani?" aliuliza Guleid. "Tumpelekee maji, maskini."

Hata wale wazee waliomtetea walicheka, na mtu aliyetetewa akichekwa na mashahidi wake ana nini tena? Abdihafid akamwambia aende nyumbani, arudi Alhamisi kutia sahihi karatasi ya kuwaonyesha wabia, inayosema kwamba alimzima karani kwa makusudi. Akitia sahihi, ataondoka bila polisi. Asipotia, polisi watamfuata Waberi.

"Nakuhurumia kwa sababu ya watoto," alisema.

Tajiri wa namna hii huanza kuhurumia pale tu unapokaribia kumpa anachotaka.

*

Habari ilimtangulia nyumbani. Lori la kampuni, ambalo lilikuwa na kawaida ya kujaza mapipa ya wafanyakazi, lilipita mbele ya geti likamwaga maji kwa jirani, likapita tena likirudi, na dereva akatazama upande wa pili kama mtu aliyeona bibi harusi anavaa. Idil, mke wa Abdimalik, alilazimika kumsimamisha muuza maji wa mkokoteni wa punda.

"Mke wa fundi wa maji ananunua maji?" muuza maji alishangaa. "Basi yale mengine mmeyaficha wapi?"

"Tumempa punda wako," alisema Idil. "Ndiyo maana ana akili kukushinda."

Alipoingia ndani alilia kidogo, akafuta uso kwa ncha ya shela, kisha akamgeukia mumewe.

"Nasikia ulisema utamuua karani. Umeshindwa hata kuua kitu kisicho na roho?"

"Herufi hazikutosha. Lile sanduku la jina ni dogo. Linakata. Unaandika nyingi, linachukua chache."

"Sasa siku zote alikuwa anauawa na nani?"

"Ningejua ningekuwa nimekaa hapa?"

Upande wa pili wa pazia palikuwa na kikohozi. Mama yake Idil, Bi Muslimo, alikuwa amekuja kutoka Tarbaj kutibiwa macho, na tangu afike Abdimalik alikuwa anaishi kwa kunyata. Mama mkwe, soddoh, hatazamwi usoni. Huli mbele yake, huinui sauti, humpiti mlangoni. Wawili hawa walikuwa wamekaa miaka mingi ya ukwe wakizungumza kupitia Idil kama serikali mbili zenye balozi mmoja.

"Idil," sauti ilisema nyuma ya pazia, "muulize mumeo kama maji yatakuja."

"Hooyo anauliza kama maji yatakuja."

"Mwambie hayatakuja, kampuni imetufungia."

"Anasema hayatakuja."

"Muulize kama kampuni ni ya kabila la mwenye malori peke yake, au na mimi naweza kwenda kununua kama binadamu."

Abdimalik akaziba uso kwa viganja. "Mwambie... mwambie mama asijisumbue. Jua kali. Na watamtukana kwa ajili yangu."

Pazia likatikisika. Kisha likasema, bila kupitia kwa balozi, ingawa halikumtaja mtu:

"Mimi nimetukanwa na watu wenye bunduki. Nitashindwa na mwenye malori?"

Na lilikuwa neno la kweli. Bi Muslimo alikuwa mwanamke kijana siku zile serikali ilipotukusanya sisi Wasomali wa nchi hii viwanjani, mmoja mmoja, tuthibitishe kwamba nchi ni yetu. Aliulizwa na karani mwenye kofia: babako nani, babu nani, babu wa babu nani? Aliyesita alishukiwa mgeni. Aliyejibu upesi alishukiwa amekariri. Yeye alijibu upesi, akaendelea hata alipoambiwa basi, akamaliza ukoo wake wote mpaka mwanzo, na yule karani aliyechoka akaandika majina matatu tu, akayakosea mawili. Kitambulisho chake mpaka leo kina babu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Tangu hapo aliapa: yeyote atakayeuliza jina lake tena, atalipata lote.

*

Alhamisi Abdimalik alifika akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa, kwa kuwa hakutaka kufukuzwa akiwa mchafu. Wakamkalisha chumba cha ndani. Mezani palikuwa na karatasi na kalamu, simu ya Guleid, na glasi ya chai ya maziwa aliyowekewa Abdihafid peke yake. Mlango wa kaunta ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Kupitia hapo ilionekana runinga ya karani ukutani mwa kaunta, siafu wakipita.

"Soma, kisha sahihi chini," alisema Abdihafid.

Abdimalik alisoma taratibu, kama mtu anavyosoma jambo analotaka lichelewe. Kutoka kaunta ilisikika sauti ya Arbia.

"Karibu, eedo, shangazi yangu. Unataka maji? Nipe majina matatu."

"Matatu?" sauti ikajibu, na Abdimalik akainua kichwa. "Nimwache nani?"

"Si kuacha, eedo. Mashine inataka matatu."

"Mashine ina baba? Wewe una baba? Baba yako ukiambiwa umwache kwenye barabara ya Modogashe, utamwacha? Andika. Muslimo. Kerrow. Hirsi. Abdille. Rooble..."

"Eedo, sanduku limejaa."

"Ongeza sanduku. Samatar. Gedi. Warfa, huyu ndiye aliyechimba kisima. Liban. Diriye..."

Huko ndani Guleid alicheka puani. "Huyu bibi anaorodhesha wapiga kura?"

Abdimalik hakusema ni nani. Masikio yalimwaka moto. Mama mkwe wake hadharani, na yeye amekaa akisubiri kutia sahihi wizi! Laiti ardhi ingekuwa na huruma. Sauti iliendelea bila kupumua. Mababu wakaisha, zikaja njia za kufikia nyumba, kwa kuwa Waberi mitaa haina namba: geti la kijani, mkabala na ukuta ulioanguka, si ule ulioanguka zamani, huu mwingine, ukiona mbuzi mwenye jicho moja umepita. Arbia aliandika kila kitu. Vidole vyake vilisikika vikigonga kama mvua ya mawe.

"Tia sahihi, bwana," alisema Abdihafid. "Chai inapoa."

Arbia akabonyeza.

Simu ya Guleid mezani ikalia kama kifaranga. Wakati huohuo koti la Abdihafid likatetemeka kifuani. Kila mmoja akagusa simu yake, akaizima. Na ukutani siafu wakasimama.

Abdimalik alikuwa wa kwanza kuona. Hakuruka. Alilaza mikono yake miwili juu ya meza, vidole vimetandazwa, kama mtu anayepimwa kucha.

"Mzee, karani amekufa."

"Nini?"

"Tazama ukutani. Kisha tazama mikono yangu. Iko hapa. Kalamu sijaishika. Nimemuua kwa ulimi?"

Wakatoka wote mpaka kaunta. Arbia, akiona nyuso tatu juu yake, akadhani ni mwisho wake.

"Wallahi sijafanya kitu! Nimeandika tu kama kawaida!"

"Kawaida gani?" aliuliza Abdimalik.

"Si wazee hawa. Hawakubali kukatwa babu. Ukimwambia majina matatu anakasirika, anasema unamfanya mwanaharamu. Na sanduku la jina ni dogo. Basi mimi nawaandikia pale chini, penye maelezo. Pale hapakati."

Abdimalik akashika kichwa. Alikuwa amemtembeza ngamia mlango wa mbele, kumbe ngamia anaingilia mlango wa nyuma. Sanduku la maelezo halikuwa na kipimo. Kila mzee aliyefika kutoka Tarbaj au Modogashe na ukoo wake kamili alimkaba karani bila kujua, akaenda zake na maji yake na heshima yake.

"Imetokea tu," alisema Guleid haraka. "Mashine huganda. Haithibitishi kitu."

"Basi turudie," alisema Abdimalik. "Likitokea mara moja ni bahati. Likirudi ukiliita, hicho ndicho kilema."

Akamfufua karani. Siafu wakaanza kutembea. Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko seva: balozi hakuwepo. Idil alikuwa sokoni. Abdimalik akasogea mbele ya mama mkwe wake, macho chini mpaka kwenye ncha za makubazi yake, na kwa mara ya kwanza tangu nikaha akamwambia neno.

"Mama. Samahani. Naomba... jina lako. Tena. Lote."

Bi Muslimo naye akatazama ukuta, kama adabu inavyotaka.

"Kuna mtu hapa ananiuliza jina na anataka kulisikia mpaka mwisho?"

"Ndiyo, mama."

"Subhanallah. Nimeishi kuona siku hii. Basi leo nitaweka na upande wa mama yangu."

Aliliweka. Wazee wa foleni walisogea kusikiliza. Mmoja akaitikia kila babu kwa "haye", mwingine akasahihisha Egal na Farah nani alimtangulia mwenzake, akashindwa. Abdihafid alianza kutafuta shughuli nyingine. Alisema ana mgeni. Alisema ana simu ya kupiga. Wazee wakamwambia shahidi haondoki ngamia akiwa anatembezwa.

Arbia akamaliza na mbuzi mwenye jicho moja, akabonyeza.

Siafu wakasimama. Kifaranga kikalia mkononi mwa Guleid. Koti la Abdihafid likatetemeka.

Safari hii kila mtu alisikia.

Bi Muslimo, ambaye macho yake yalikuwa mabovu lakini masikio mazima, akageuza shingo. "Nani huyo aliyewapigia wawili kwa pamoja?"

"Ni kampuni ya simu," alisema Abdihafid. "Matangazo."

"Na ile mara ya kwanza?" aliuliza Abdimalik polepole, akikumbuka meza, simu na chai. "Ile nayo ilikuwa matangazo?"

Arbia alinyoosha shingo akasoma kioo cha simu ya Guleid kabla hajakigeuza. "Imeandikwa karani amezimika," alisema kwa mshangao wa kweli. "Kumbe huwa mnaambiwa? Akifa tu, mnaambiwa? Wote wawili?"

Guleid akaitia simu mfukoni. Mtu anayejua saa mlinzi anapolala, na hamwamshi, huyo hajali mlinzi, anajali usingizi. Mzee mmoja wa foleni alipangusa ndevu zake akasema, si kwa yeyote hasa:

"Mimi nilikuwa najiuliza. Ukame huu, maji ya wabia hayaonekani, na ngamia wa njia ya Dadaab wana nundu kama matanki."

Kicheko kilichofuata hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kile kicheko kidogo cha watu wengi, ambacho tajiri hukiogopa kuliko kelele.

*

Msingoje polisi. Polisi hao wa kuja Waberi hawakuwa wa kwenda boma la ngamia. Abdihafid aliikunja karatasi ya sahihi akaitia mfukoni, akasema Waislamu husameheana, ingawa hakusema nani amemsamehe nani. Kisha akampa Abdimalik rai ya kibiashara.

"Tumeshajua tatizo. Sasa kwa nini tujisumbue na kiraka? Tutabandika tangazo kaunta: mwisho majina matatu."

"Soma tangazo hilo mbele ya huyu mama," alisema Arbia, na kwa kuwa alikuwa ameshaharibu, hakuona sababu ya kuacha.

Abdihafid hakulisoma. Guleid aliweka kiraka mwenyewe, Abdimalik amesimama nyuma ya kiti chake na mikono mgongoni. Marashi yote yakageuka jasho. Walipomaliza, Abdimalik alisema kazi bado. Dawa nayo hutembezwa.

Basi Bi Muslimo akalitaja jina lake kwa mara ya tatu. Lote, na pande zote mbili, na kisima, na geti, na mbuzi. Arbia akabonyeza. Siafu wakasita. Kisha mstari mmoja mrefu ukaanza kujitokeza ukutani, ukajaza runinga kutoka juu mpaka chini, Kerrow, Hirsi, Abdille, na wenzao wote, kila mmoja na herufi zake sawasawa. Na chini yake karani akaendelea na kazi. Simu hazikulia.

"Anasema nini?" aliuliza bibi.

"Amekuandika, mama," alisema Abdimalik, bado akitazama sakafu. "Hajakata mtu."

Bi Muslimo alivuta shela lake mpaka kwenye paji. "Mwambieni ahsante," alisema. "Yule wa kwanza alikuwa na kofia na hakuweza."

Abdihafid, akitaka kumaliza siku akiwa mkarimu, alitangaza kwamba lori litakwenda Waberi bure, zawadi kwa familia.

"Zawadi sitaki," alisema Bi Muslimo. "Nimeagiza. Jina langu liko hapo."

Na alilipa, kwa noti alizozifungua kutoka kwenye fundo la nguo, na Arbia akampa risiti iliyotoka kwenye mashine ikaendelea kutoka, ikashuka kutoka kaunta mpaka sakafuni.

*

Lori liliingia Waberi baada ya Asr, na dereva yuleyule, Mkamba wa Mwingi, ambaye sasa alikuwa na kazi kubwa ya kutazama watu usoni. Muuza maji wa mkokoteni alisimamisha punda wake ashuhudie. Idil alitoka akasimama mbele ya mapipa, mikono kiunoni, akamwacha dereva aivute mwenyewe ile paipu nzito. Abdimalik alikuwa ndani, upande wake wa pazia, akila kwa mara ya kwanza tangu siku alipoitwa mwizi. Mambo yalikuwa yamerudi kwenye adabu zake.

Agizo lilikuwa limelipwa, lakini kampuni ilikuwa na utaratibu mpya: hakuna tone kumwagwa kabla mteja hajathibitisha mwenyewe, na kila neno lilingane na aliloandika karani. Utaratibu huo aliuweka Abdimalik mchana uleule, na Abdihafid hakupata sababu ya kuukataa ambayo angeweza kuitamka mbele za watu.

Dereva alitoa simu, akapitisha kidole, akapitisha tena, uso ukabadilika.

"Mama," alisema kwa unyonge, "ni lazima uthibitishe jina. Jina lako ni nani?"

Bi Muslimo alivuta kigoda akakaa.

"Mimi Muslimo," alianza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Muslimo ya Kerrow. Kerrow ya Hirsi. Wewe sikiza mzuri, hapana ruka mtu."

Dereva akazima injini.